Udongo wa magadi hautaki chokaa: namna ninavyolifufua shamba langu ukingoni mwa Ziwa Manyara

Mwaka wa kwanza nilimwaga mifuko 20 ya chokaa kwenye ekari moja ya chini ya shamba aliloniachia mama yangu, upande wa mji mdogo wa Mto wa Mbu unaoteremkia Ziwa Manyara. Muuza pembejeo mmoja aliniambia udongo umechoka na chokaa ndiyo dawa yake. Mahindi yalitoka ya njano, yakafika magotini, yakagoma. Msimu uliofuata maji ya mvua yalisimama shambani siku tisa, na yalipokauka yakaacha gamba gumu ambalo jembe liliruka juu yake kama limegonga sakafu. Naandika haya kwa ajili ya yeyote mwenye shamba la namna hii, Manyara, Eyasi au bonde lolote lililowahi kuwa ziwa, ili asianzie pale nilipoanzia mimi.

Kwanza ujue magadi yametoka wapi. Ziwa Manyara halina mto unaotoka. Maji yanashuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro, kwenye miamba ya volkano yenye sodiamu nyingi, yanaingia ziwani, jua linayanyonya, magadi, yaani chumvi za sodiamu, yanabaki. Zamani ziwa lilikuwa kubwa kuliko leo. Kila liliposinywaa liliacha ukingo wake wa zamani, na kingo hizo zimepangana kama ngazi. Huko juu, mbali na pale maji yanapofika siku hizi, utakuta mawe yenye magamba ya duara, tabaka juu ya tabaka kama kabichi iliyopasuliwa. Yalijengwa na vijidudu vya majini wakati hapo palikuwa ufukweni. Kwa hiyo unapolima kwenye ngazi hizi unalima sakafu ya ziwa. Udongo ulioletwa na mito juu yake ni mzuri, tena ndio unaolisha migomba ya Mto wa Mbu, lakini ukishuka hatua chache tu unakanyaga kitu kingine kabisa. Katika shamba langu tofauti hiyo iko ndani ya mita 60.

Pima kabla hujanunua chochote. Chukua bonge kavu la udongo, ukubwa wa punje ya harage, ulidondoshe taratibu kwenye glasi ya maji ya mvua. Usikoroge, usitikise meza. Udongo mzuri hukaa au humong'onyoka chini, na maji juu yake hubaki safi. Bonge la ekari yangu ya chini lilianza kutoa wingu dakika ya tano: ukungu wa kijivu ulitambaa pembeni mwake kama maziwa yanayomwagika polepole, na baada ya saa mbili sikuweza kuona upande wa pili wa glasi. Hiyo ni sodiamu. Chembe za mfinyanzi zinapobebwa na kalsiamu hushikana vibonge, na kati ya vibonge maji na hewa hupita. Zikibebwa na sodiamu husukumana, kila moja inaogelea peke yake, kisha zinaziba matundu yote. Ndiyo maana maji yanasimama juu huku mizizi chini inakufa kiu.

Tumia maji ya mvua, si ya bomba wala ya mfereji. Maji yenye chumvi huzishikanisha chembe kwa muda na yatakudanganya.

Halafu chimba shimo la kufika kiunoni. Kwangu, kuanzia sentimita 20 kwenda chini, udongo ulikuwa umepasuka kama nguzo zilizosimama, vichwa vya duara, vimepakwa unga mweupe. Chini ya nguzo kulikuwa na vijiwe vyeupe vilivyotoa povu nilipovidondoshea siki. Vile vijiwe ni chokaa! Shamba lilikuwa na chokaa tangu enzi za ziwa, na mimi nikaliongezea tani nzima. Udongo ukishapita pH 9 (pH ni kipimo cha uchachu: juu ya 7 ni upande wa magadi), chokaa haiyeyuki. Inakaa tu kama kokoto.

Watu wetu huita vyote "chumvi", na hapo ndipo wengi wanapotea. Udongo wa chumvi ya kawaida una unga mweupe juu, ni laini ukiukanyaga, na maji yanapenya. Huo unaweza kuusuuza kwa maji matamu ukapona. Udongo wa magadi ni mweusi, unateleza mkononi kama sabuni, na madimbwi yake huwa na rangi ya chai kwa sababu magadi yanayeyusha mboji. Na kuna ulio na vyote viwili. Huo ndio wa kuogopa: ukiusuuza kwa maji matupu, chumvi inaondoka, sodiamu inabaki, na udongo uliokuwa unapitisha maji unafunga hapo hapo. Kwa hiyo shika mpangilio huu: kalsiamu kwanza, maji baadaye.

Kalsiamu inayoyeyuka katika udongo kama huu ni ya jasi (gypsum), jiwe laini linalosagika. Kwetu kaskazini inachimbwa Makanya, wilaya ya Same, na sehemu kubwa huenda viwanda vya saruji. Jasi ikikutana na magadi, kalsiamu inashika nafasi ya sodiamu kwenye mfinyanzi, na sodiamu inageuka chumvi nyepesi inayoondoka na maji.

Kiasi gani? Hapa usikisie. Peleka sampuli maabara. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano kule Tanga na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) Morogoro wanapima udongo. Waombe pH, uwezo wa udongo kushika madini (CEC), na asilimia ya sodiamu (ESP). Asilimia ya sodiamu ikizidi 15 una shida. Majibu yangu yalikuwa pH 9.4, uwezo wa kushika vizio 24 (cmol kwa kilo ya udongo), sodiamu asilimia 28. Nilitaka ishuke hadi 10. Hesabu yake ni hii: asilimia 18 ya kuondoa, mara 24, unapata 4.3. Kila kizio kimoja kinahitaji takriban kilo 730 za jasi safi kwa ekari, kwa kina cha sentimita 15. Kwa hiyo 4.3 mara 730 ni karibu tani 3.1. Jasi yangu ilikuwa safi kwa asilimia 80, hivyo nikahitaji karibu tani 3.9. Kwa kina cha sentimita 30 ingekuwa mara mbili, fedha ambayo sikuwa nayo. Anza na sentimita 15 za juu kama utapanda mpunga. Mizizi yake mingi inakaa hapo.

Mzee jirani yangu aliliona Fuso likishusha mawe akaja. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Sasa mawe tena? Mwaka ule chokaa, mwaka huu mawe?" Sikubishana naye. Nilichukua chupa mbili za nusu lita, nikaweka kijiko cha udongo wa shamba na maji ya mvua kila moja. Ya pili nikaongeza nusu kijiko cha chai cha jasi iliyosagwa. Nikazitikisa, nikaziweka dirishani. Jioni ile, chupa ya pili ilikuwa imetulia, maji juu, tope chini. Ya kwanza ilikaa siku nne ikiwa rangi ya uji wa ulezi. Mzee aliichukua ile iliyotulia, akaiinua kwenye mwanga muda mrefu. Msimu uliofuata tulichangia gari. Ukitaka kumshawishi mume, mke au kamati ya skimu ya umwagiliaji, fanya jaribio hili kabla ya maneno.

Saga jasi iwe unga; mabonge huchukua miaka. Mwaga ikiwa kavu, changanya na sentimita 10 za juu kwa jembe au pawatila, kisha gawa ekari katika majaruba madogo yaliyosawazishwa vizuri. Sehemu zenye kimo tofauti hazitapona sawa. Usiichanganye na samadi mkononi kwa kuhofia upepo, kama nilivyofanya. Iache samadi iingie baada ya wiki mbili, tani nne au zaidi kwa ekari.

Halafu maji. Lita moja huyeyusha kama gramu mbili na nusu tu za jasi. Kwa tani zangu, maji ya kimo cha sentimita 30 hivi, ukijumlisha mizunguko yote, lazima yaingie na kupita ardhini. Usiyamwage kwa mara moja. Ingiza kimo cha vidole vinne, acha yazame, ingiza tena. Mwanzoni jaruba langu lilichukua siku sita kunywa kimo hicho. Mzunguko wa nne lilikunywa kwa siku mbili. Nilikaa kwenye tuta nikilitazama likinywa, nikamkumbuka mama, maana yeye aliliacha eneo hili akisema limelaaniwa.

Maji yakizama yawe na pa kwenda. Hili ndilo watu wanaliruka, na bila hilo umetupa fedha. Chimba mtaro wa kutolea maji upande wa chini, kina cha mita moja au zaidi, na usiuelekeze kwenye shamba la mwenzio. Mwisho wa masika chimba shimo la mita moja na nusu: maji yakijaa humo, ujue magadi yatapanda tena kiangazi kama mafuta ya taa kwenye utambi. Hapo tatizo lako si jasi, ni maji ya chini.

Pima na maji ya mfereji pia. Chemchemi nyingi za bonde hili zina baikaboneti ya sodiamu, na zikimwagilia miaka kumi zinatengeneza udongo wa magadi pale ambapo haukuwepo. Maji yetu ya mto ni mazuri kuliko ya kisima, kwa hiyo kisima nakitumia kwa mifugo tu. Wenye maji mabaya wanaweza kupanga mawe ya jasi ndani ya mfereji maji yapite juu yake. Ni polepole, lakini yanakuja na kalsiamu kidogo kila zamu.

Zao la kwanza liwe mpunga. Unavumilia, na maji yaliyotuama hukusanya hewa inayotolewa na mizizi (kaboni dioksidi), nayo huanza kuyeyusha hata vile vijiwe vya chokaa. Tumia miche iliyokomaa, siku 35 hivi, mitatu au minne kwa shimo, ukaribu kuliko kawaida, maana mingine itakufa. Weka zinki salfeti kilo 10 kwa ekari. Majani yenye madoa ya kutu wiki ya tatu ni njaa ya zinki, si ugonjwa. Mbolea ya SA (salfeti ya amonia) ni bora kuliko urea hapa, kwani urea kwenye pH kubwa hupotea hewani. Majivu usiweke kabisa, hata ya jikoni.

Mavuno ya kwanza nilipata gunia tisa katika ekari. Ya tatu, 19. Kati ya misimu napanda sesbania, mmea wa mbolea ya kijani, nailaza chini ikiwa na siku 45 hivi. Vitunguu nilivijaribu mwaka wa nne upande wa juu tu. Maharage bado sijathubutu, ni zao laini mno kwa sodiamu.

Kila mwisho wa msimu narudia bonge kwenye glasi, sehemu tano za shamba, na kuandika dakika ambayo wingu linaanza. Sehemu nne sasa zinakaa saa nzima bila wingu. Ya tano ni kibonde cha chini kabisa, kando ya miti ya miswaki, ambako maji yako chini ya udongo kwa kimo cha mkono. Nimeacha kuitia jasi. Majani magumu ya ziwani yameota yenyewe, na ng'ombe wa jirani wanakula pale wakati wa kiangazi.