Kupaka rangi upya rimu za gari la zamani: mwulize fundi kwanza kama anavua matairi

Gurudumu la mbele kushoto la gari langu, la mwaka 1998, lilikuwa likipungua upepo kila baada ya siku tatu nne. Tukatafuta pancha, hakuna. Nikabadilisha valvu, wapi! Siku tairi lilipovuliwa ndipo nilipoona: kwenye ukingo wa rimu, pale tairi linapokalia, alumini imeota unga mweupe kama chumvi. Upepo ulikuwa unapenya hapo. Na rimu hizo nilikuwa nimezilipia zipakwe rangi miezi sita tu nyuma. Aliyezipaka hakuvua matairi. Alizungushia karatasi, akapuliza.

Basi swali la kwanza kwa fundi ni hilo: matairi unavua? Akikuambia hakuna haja, mshukuru uondoke.

Kabla ya kumpelekea, nyanyua gari kwa jeki, zungusha gurudumu huku umeshika penseli karibu na ukingo wa rimu. Nafasi ikipanuka na kubana, rimu imepinda na inataka kunyooshwa kabla ya rangi. Osha na mgongo wake pia, utafute nyufa. Ufa kwenye spoki au karibu na matundu ya nati mimi sichomelei, natafuta rimu nyingine. Andika kwa chaki kila tairi lilikaa wapi na linazunguka upande gani. Kama kuna pete za plastiki katikati, zitoe: rangi ya unga, ile inayopuliziwa ikiwa kavu kisha ikayeyushwa kwa joto, huivishwa kwenye tanuri la nyuzi 180 hadi 200 hivi, na plastiki haitabaki. Sensa za upepo nazo zitoke. Langu zee, halina.

Kazi yenyewe huchukua siku kadhaa. Rangi ya zamani huondolewa kwa dawa, rimu ikapigwa mchanga, michubuko ikajazwa na kusawazishwa. Kisha inapashwa moto ikiwa tupu, ili mafuta na hewa iliyojificha kwenye vitundu vya alumini itoke; ukiruka hapo, rangi hutoa malengelenge. Ndipo unafuata unga wa msingi, rangi, na lakeri, yaani tabaka linaloonyesha kama kioo, juu.

Watakuuliza kama unataka uso uliokerezwa, yaani uliokwanguliwa kwa mashine ung'ae. Unapendeza, sikatai. Lakini kila ukikerezwa chuma kinapungua, kwa hiyo si kazi ya kurudiarudia, na jiwe moja likichubua lakeri maji hutambaa chini yake na kuacha mistari myeupe kama njia za mchwa. Kwa gari la umri huu nachagua rangi ya unga tupu.

Ukienda kuzichukua, usikodolee macho uso. Geuza. Sehemu inayokutana na habu (kitovu ambacho gurudumu hufungwa) na vikalio vya nati visiwe na rangi nene, kwa sababu rangi hiyo hupondeka na nati zikalegea. Ukingo wa tairi uwe laini, valvu ziwe mpya, na vyuma vya balansi vibandikwe upande wa ndani, visigongwe ukingoni.

Kaza nati kwa kuvukavuka, si kwa kufuatana, kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza na kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Halafu rudia kukaza ukishaendesha kati ya kilomita 50 na 100. Mimi niliporudia, mbili za nyuma kulia zilikuwa bado zinakubali kuzunguka.