Dhoruba kwenye picha ya chapa: tafuta peupe

Kibandani kwangu Makoroboi, Mwanza, nafunga fremu za picha za harusi na vyeti, basi. Siku moja mteja akaleta nakala ya chapa, yaani picha iliyochapwa kwa wino kutoka bamba la metali lililochongwa, ya kanisa kuu la Salisbury, Uingereza: mawingu mazito, radi juu ya paa, upinde wa mvua umekatiza anga. Nikamwambia kwa kujiamini kwamba hapo Mungu amekasirika. Mzee wa Igombe aliyekuwa akisubiri cheti cha mjukuu wake, mvuvi wa dagaa tangu ujana, akacheka. "Hasira gani, binti? Mvua hiyo inaondoka."

Sasa nikitazama picha ya dhoruba naanza na swali hilo: mvua inakuja au inaondoka? Angalia matawi, moshi na matanga vimelalia wapi. Angalia watu wanakimbia au wanaendelea na shughuli. Kwenye chapa ile mkokoteni wa farasi unavuka mto taratibu tu. Halafu upinde. Anayeuona, jua huwa liko mgongoni kwake. Hapa Mwanza jioni, jua likishukia ziwani, upinde unatokea mashariki, kwenye vilima vya mawe. Kule bado kunanyesha, kwako kumeshafunguka.

Kisha tafuta peupe. Aliyechonga bamba ni David Lucas, akifuata mchoro wa 1831 wa mchoraji Mwingereza John Constable, kwa njia ya mezotinti. Bamba zima hukwaruzwa kwanza kwa chombo chenye meno, vijishimo vikashika wino. Ukilichapa hivyohivyo unapata giza tupu. Mchongaji ndipo anaanza kukwangua na kulainisha: palipolainika sana wino haushiki, panatoka peupe. Giza linakuja bure, mwanga unatolewa jasho. Ni kama karabai za wavuvi usiku usio na mwezi, kila taa imewashwa na mtu kwa sababu yake.

Chukua sarafu, ziba sehemu nyeupe moja moja. Nilipoziba radi, picha haikupoteza kitu kikubwa. Nilipoziba mwanga wa upinde, kanisa likabaki kama limezama. Hapo nikajua mzigo umebebwa na nini.

Habari za mchoraji zije mwisho. Mkewe Constable, Maria, alifariki 1828, na chapa hii kubwa ilitoka 1837, mwaka aliokufa Constable mwenyewe. Wengi huusoma upinde kama tumaini baada ya msiba. Nakubali, ila ningeanza na msiba nisingeuona ule mkokoteni.

Jaribu pia chapa yao ya Old Sarum: mawingu juu ya kilima kilichokuwa mji, watu wakahama zamani. Upinde hakuna. Ziba mwanga kidogo uliopo uone kinachobaki.

Ukiifunga fremu, kadi ya pembeni isiwe nyeupe pepepe, mawingu yataonekana machafu. Yule mteja nilimkatia ya krimu.