Ukipokea notisi ya hakimiliki nchini Kenya: mwongozo kwa kampuni za kuhifadhi tovuti

Mwenye seva nchini Kenya halazimiki kisheria kukagua kila picha au wimbo unaopakiwa na wateja wake. Marekebisho ya mwaka 2019 ya Sheria ya Hakimiliki, yaliyoingiza vifungu vya 35A hadi 35D, yanamkinga dhidi ya madai ya fidia ilimradi hakujua kwamba maudhui hayo yanakiuka haki ya mtu, hakuwa na dalili za wazi za ukiukaji, na alichukua hatua mara alipopokea notisi, yaani ombi la mwenye haki la kutaka maudhui hayo yaondolewe. Kinga hiyo ina masharti, na kuipoteza kwa uzembe ni jambo la kusikitisha.

Anza kwa kuteua mtu wa kupokea malalamiko, kisha utangaze anwani yake mahali panapoonekana. Notisi inayotumwa kielektroniki kwenye anwani hiyo huhesabiwa imefika papo hapo. Kwa hiyo rekodi siku na saa ilipoingia.

Isome notisi yenyewe kwa makini. Kifungu cha 35B kinataka iwe ya maandishi, iwe na sahihi na mawasiliano ya mlalamishi, ieleze kazi inayolindwa pamoja na maudhui yanayolalamikiwa, na iambatane na hati ya kiapo. Ujumbe usemao tu “wimbo wangu umo kwenye seva yenu”, usio na kiungo wala kiapo, haujatimiza masharti. Hata hivyo usiupuuze: mjibu mlalamishi kwa heshima ukimweleza kilichopungua, kwa sababu ujumbe huohuo unaweza kuletwa mahakamani kuthibitisha kwamba wewe ulikuwa na dalili za ukiukaji.

Notisi ikiwa kamili, mjulishe mteja bila kuchelewa na umweleze kwamba anaweza kuwasilisha notisi ya kupinga. Asipofanya hivyo, zuia maudhui hayo ndani ya saa 48 za kazi. Zuia faili iliyotajwa peke yake, maana kufunga duka zima la mtandaoni kwa ajili ya picha moja ni kumwonea mfanyabiashara ambaye huenda hana hatia. Sheria yenyewe inatambua hatari hiyo, ndiyo maana kuwasilisha notisi ya uongo ni kosa la jinai. Weka nakala ya faili pamoja na barua zote.

Mlalamishi akidai jina la mteja wako, usimpe. Taarifa hizo hutolewa kwa vyombo vya uchunguzi, tena kwa amri ya mahakama.