Namna ya kumsubiri taa manta kule Tofo

Mzee wangu alikuwa mvuvi wa jarife Mafia, na taa manta, yule samaki bapa mwenye mabawa, wa kwanza niliyemwona alikuwa mfu. Alilazwa mchangani Kilindoni, wanaume wanne wakihangaika kumgeuza. Tulimwita pungu tu, jina ambalo wavuvi wetu huwapa taa wengi wenye mabawa. Baadaye sana nilikwenda Tofo, Msumbiji, nikaongoza wazamiaji misimu miwili, na huko ndiko nilikokutana naye akiwa hai. Tangu nirudi, vijana wa huku wanaozamia huniuliza: unampataje? Humpati. Anakupata yeye, kama umekaa mahali panapofaa.

Tofo iko mkoa wa Inhambane, karibu kilomita 500 kaskazini mwa Maputo. Usiende ukitegemea Kiswahili. Kimwani, ambacho ungekielewa kidogo, kiko Cabo Delgado, mbali kabisa. Hapa ni Kireno na Kitonga. Neno moja la Kireno utalisikia kila siku: devagar, yaani polepole. Lishike, utalihitaji chini ya maji.

Cheti cha mwanzo cha uzamiaji, kile cha kushuka hadi mita 18, hakikutoshi. Mwamba wanaouita Manta Reef uko mita 20 hivi, na Giants Castle ni karibu 30. Chukua cheti cha pili, na ukiwa na hela ongeza mafunzo ya naitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni ili ukae chini muda mrefu zaidi. Kwa hewa ya kawaida, jedwali la wazamiaji linakupa dakika 45 ukiwa mita 20, lakini ukifika 30 ni dakika 20 tu. Dakika 20 ni chache mno kwa kazi ambayo nusu yake ni kusubiri.

Uzito nao uweke sawa kabla hujafika huko. Mtu aliyefunga kiunoni vipande vingi vya risasi kuliko anavyohitaji hupiga miguu muda wote ili asizame, hutimua mchanga, hewa yake huisha upesi, na manta humwona kwa mbali kama mtu anayegombana na bahari. Kaa siku mbili kwenye maji mafupi ujifunze kuelea bila kutikisika. Ukiweza kukaa hapohapo, kwa pumzi tu, dakika tano bila kupanda wala kushuka, uko tayari.

Sasa kwenye mwamba wenyewe. Manta hawaji pale kula, wanakuja kusafishwa. Mimi huwaambia wageni ni kwa kinyozi. Kuna vichwa fulani vya matumbawe ambako samaki wadogo, wale wa bluu wenye mstari mweusi na wenzao vipepeo, huishi kwa kutoa vijidudu na ngozi iliyokufa mwilini mwa samaki wakubwa. Manta hufika, hupunguza mwendo, hukunja yale mapembe mawili ya kichwani kama mkeka uliozungushwa, huachia matamvua, na kuelea juu ya jiwe karibu asimame. Karibu tu. Wanasayansi na wavuvi wanakubaliana hapa: lazima asogee mbele maji yapite kwenye matamvua, la sivyo hapati hewa. Ndiyo maana jarife la mzee wangu lilimuua hata bila kumjeruhi.

Kwa hiyo usikae juu ya jiwe la kinyozi. Kaa pembeni, chini, mita chache kutoka hapo, mahali penye mchanga au mwamba usio na uhai, mgongo wa kundi ukiwa upande mmoja ili njia ya kuingia na kutoka ibaki wazi. Akionekana kwa mbali, usiinuke. Usinyooshe ile fimbo ya kamera kama mtu anayetungua embe. Pumua taratibu, tazama.

Najua ugumu wake, kwa sababu mimi mwenyewe nilishindwa. Wiki yangu ya kwanza, mkubwa mmoja alipita upande wa kushoto, mweusi tii mgongoni, na mimi kiongozi wa wageni sita nikamkimbilia. Alipiga bawa mara mbili, hivi tu, akatoweka kwenye ukungu wa planktoni, wale viumbe wadogo wanaoelea majini. Nilirudi na hewa ya bar 90 kwenye mtungi kutoka 200, na dakika hazikufika 15. Kwenye boti mama mmoja wa makamo akanikaushia macho: "Nimelipa kuja kuona manta, nimeona mapezi yako." Sikuwa na la kujibu.

Ukitulia, yeye ndiye anayekuja kukuchunguza. Ubongo wake ni mkubwa kuliko wa samaki yeyote mwingine, na macho yale yaliyo pembeni hukufuata anapopita; utajua umetazamwa. Wengine hupenda kupita juu ya mapovu, nadhani yanawakuna tumbo. Basi toa pumzi kama kawaida, usimpulizie makusudi. Na mkono uwe kifuani. Ngozi yake ina ute unaomkinga na maradhi; ukimshika unaufuta. Hana mwiba wa sumu kama nyenga, kwa hiyo woga usiwe sababu ya kumsukuma.

Dalili za kuchoshwa nawe ni rahisi: anatikisa mwili ghafla, anakata kona katikati ya usafi, au anazunguka jiwe kwa mbali bila kuingia. Hapo kundi lirudi nyuma. Mara nyingi hurudi.

Wapo wa aina mbili pale, na ilikuwa mwaka 2009 ndipo mwanasayansi Andrea Marshall, aliyekuwa akifanya utafiti wake hukohuko Inhambane, akishirikiana na wenzake, alipozitenganisha rasmi aina hizo. Mkubwa kabisa, ambaye mabawa yake yanaweza kufika mita 7, ana mabaka meupe mabegani yaliyokatwa wima, weusi uliobaki katikati ukafanya herufi T, na mdomo wake ni mweusi. Wa mwambani, mdogo kidogo, weusi wake hufanana na Y, mdomo mweupe, na madoa hupenya hadi katikati ya matamvua. Wakiwa weusi mwili mzima utachanganyikiwa, nami nilichanganyikiwa sana. Piga picha ya tumbo: madoa yale hayafanani kwa wawili, na ndiyo yanayotumika kumtambua kila mmoja. Wa mwambani wa kusini mwa Msumbiji wengi wana makovu ya papa, robo tatu yao hivi. Kulikuwa na mmoja aliyekosa kipande cha bawa la kulia kama mkate ulioumwa. Huyo nilimjua bila picha.

Lakini usiende ukidhani ni hakika. Kati ya 2003 na 2011 kuonekana kwa manta wa mwambani Tofo kulipungua kwa asilimia 88, na jike huzaa mtoto mmoja tu baada ya kubeba mimba mwaka mzima hivi. Panga siku tano au sita, si moja. Nimepeleka watu siku nne mfululizo tukaona chewa na mchanga.

Mwisho wa mbizi simama mita 5 kwa dakika tatu, boya lako likiwa juu, halafu panda botini. Na bado hujamaliza. Tofo hakuna gati. Boti ya mpira hupanda mchangani kwa kasi yote, nahodha akipiga kelele kwa Kireno. Ingiza miguu kwenye mikanda ya sakafuni, shika kamba kwa mikono miwili, na kamera uiweke ndani ya ndoo. Yangu haikuwa ndani ya ndoo.