Uso wa Bibi Harusi na Mapambo ya Ukumbi: Kujifunza Kutumia Flashi Ndani

Harusi yangu ya kwanza ya kulipwa niliipiga katika ukumbi mmoja wa Dar es Salaam, nikiwa na kamera ya kuazima na flashi iliyokaa juu yake ikitazama mbele moja kwa moja. Siku niliyopeleka picha, mama mzazi wa bibi harusi alizitazama moja baada ya nyingine, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, mapambo yako wapi?" Nyuma ya kila uso kulikuwa na giza. Vitambaa, maua na taa ambazo kamati ilikuwa imechangisha fedha kwa miezi kadhaa ili zilipiwe, vyote vilikuwa vimemezwa, na nyuso zenyewe ziling'aa kwenye paji la uso na puani kama zilizomwagiwa mafuta. Nilirudi nyumbani na swali lile, na karibu kila ninachokieleza hapa kilitokana na kulitafutia jibu.

Jibu lenyewe ni kwamba picha ya ukumbini hupigwa kwa mianga miwili kwa wakati mmoja. Upo mwanga wa ukumbi, yaani balbu, taa za rangi na mishumaa ya mezani, na upo mwanga wa flashi unaouleta wewe. Mwanga wa ukumbi hutawaliwa na kasi ya shata (muda ambao pazia la kamera hubaki wazi), apacha (upana wa tundu la lenzi) na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga). Mwanga wa flashi hutawaliwa na apacha, ISO, nguvu uliyoipangia flashi na umbali wake kutoka kwa mtu. Kasi ya shata haiugusi, kwa sababu flashi, hasa ikiwa kwenye nguvu ndogo, huwaka na kuzimika kwa muda mfupi kuliko 1/1000 ya sekunde, shata ikiwa bado iko wazi. Maana yake ni kwamba ukipunguza kasi ya shata kutoka 1/200 hadi 1/50, mapambo ya nyuma yatapata mwanga mara nne zaidi ilhali uso ulioangazwa na flashi utabaki karibu vilevile. Kosa langu la siku ile lilikuwa kuacha kamera ichague yenyewe, nayo ikachagua kasi kubwa na ISO ndogo, ikauzima ukumbi wote.

Jambo hili halieleweki kwa kusoma tu, kwa hiyo lifanyie zoezi nyumbani kabla ya kulipeleka kwenye harusi ya mtu. Jioni, washa balbu moja sebuleni, mketishe ndugu yako mita mbili mbele ya ukuta, na utundike kanzu nyeupe na koti jeusi kando yake. Weka kamera kwenye M, yaani hali ambayo wewe ndiye unayepanga kila kitu, zima flashi, na uanze na apacha ya f/4, shata ya 1/100 na ISO 1600. Rekebisha ISO mpaka chumba kionekane chenye giza kidogo kuliko macho yako yanavyokiona, lakini kila kitu kikiwa bado kinatambulika. Sasa washa flashi, nayo pia ikiwa kwenye M, kwa nguvu ya 1/32, yaani sehemu moja kati ya 32 ya nguvu yake kamili, kisha iongeze hatua kwa hatua mpaka uso ukae sawa. Baada ya hapo usiguse kitu kingine isipokuwa shata: piga kwa 1/30, 1/60, 1/125 na 1/200, halafu ziweke picha hizo nne pamoja na uzitazame. Utaona chumba kikififia huku uso ukibaki palepale. Ukivuka kasi ambayo kamera yako inaweza kwenda sambamba na flashi, ambayo kwa kamera nyingi ni 1/200 au 1/250, utaona mstari mweusi umekata picha. Ujue hapo ndipo mpaka wako. Ukiiacha kamera ijipimie mwanga yenyewe, kanzu na koti vitakuonyesha jambo jingine, ambalo nitalirudia baadaye.

Ukishaweza kuitenga mianga hiyo miwili, linalofuata ni mwelekeo, na hapa ndipo picha za wapiga picha wengi wanaoanza zinapokwama. Flashi ni kitu kidogo, na mwanga unaotoka kwenye kitu kidogo ni mkali: hukata kivuli cheusi ukutani na kuufanya uso kuwa bapa. Njia rahisi ya kuulainisha ni kuugonganisha na kitu kikubwa cheupe ili kitu hicho ndicho kiwe taa yako. Katika ukumbi wenye dari nyeupe ya jipsamu isiyozidi mita tatu au nne, geuza kichwa cha flashi juu. Hata hivyo, usikielekeze juu wima. Mwanga unaoshuka wima kutoka darini huyaacha macho yakiwa mashimo meusi, hasa kwa watu wenye macho yaliyoingia ndani. Kielekeze juu na nyuma, kana kwamba unaangaza begani kwako, au juu na kando kuelekea ukuta mweupe, ili mwanga urudi usoni ukitokea ubavuni. Upande mmoja wa uso utang'aa na wa pili utaingia kwenye kivuli laini, na hapo pua, mashavu na taya vitapata umbo.

Kumbi zetu, bahati mbaya, hazijengwi kwa ajili yetu. Dari nyingi hufunikwa vitambaa vya rangi ya waridi, zambarau au dhahabu, na kitambaa hurudisha rangi yake, kwa hiyo ukigonga flashi kwenye kitambaa cha zambarau utapata bibi harusi wa zambarau. Dari nyeusi, dari ya mbao na turubai lililo juu sana humeza mwanga wote. Nimewaona vijana wakivalisha flashi kofia ndogo ya plastiki nyeupe wakiamini kwamba italainisha mwanga hata uwanjani. Ulaini wa mwanga hutokana na ukubwa wa chanzo chake kikilinganishwa na umbali wa mtu. Pasipo dari wala ukuta wa kurudisha mwanga, kofia ile hupunguza nguvu na kumaliza betri bure. Ukumbi ukikunyima dari, itoe flashi kwenye kamera.

Flashi mbili zenye triga ya redio, yaani kifaa cha kuziwasha kwa mbali kutoka kwenye kamera, kila moja kwenye stendi yake, zinatosha kwa sherehe nyingi. Ninaziweka kwenye pembe mbili za eneo la kuchezea muziki, zikiwa juu kiasi cha mita mbili na nusu hadi tatu, zimeinamishwa kuelekea katikati, kwa nguvu ya 1/16 au pungufu. Popote utakaposimama, flashi moja itakuwa inaangaza nyuso na nyingine inachora mstari wa mwanga kwenye mabega na nywele kutokea nyuma. Stendi ifungwe kwenye nguzo au iwekewe mfuko wa mchanga miguuni. Watoto hukimbia ukumbini bila kuangalia wanakopita, na wageni wakicheza kuelekea kutoa zawadi hawaangalii chini.

Umbali wa flashi unahitaji hesabu kidogo. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: ukiuongeza umbali mara mbili, mwanga unabaki robo. Katika picha ya ukoo mzima jukwaani, flashi ikiwa mita 2 kutoka kwa shangazi wa kwanza na mita 4 kutoka kwa mjomba wa mwisho, mjomba atapata robo tu ya mwanga wa shangazi. Irudishe nyuma mpaka iwe mita 5 kwa shangazi na mita 7 kwa mjomba, naye atapata takriban nusu. Iongezee nguvu ili kufidia, na uielekeze zaidi kwa walio mbali. Tumia f/5.6 au f/8 ili safu ya nyuma isiwe na ukungu, na uinue flashi juu zaidi ikiwa wazee wamevaa miwani, ili mng'ao wa miwani uelekee chini, usiingie kwenye lenzi.

Sasa kuhusu ile kanzu na lile koti, na kuhusu ngozi zetu. Mita ya kamera, yaani kifaa chake cha kupima mwanga, hudhani kwamba kila inachokiona kina wastani wa kijivu. Ikitazama shela jeupe lililojaa fremu, kama ile kanzu, hupunguza mwanga, na shela hutoka la kijivu pamoja na uso uliojaa giza. Ikitazama suti nyeusi za bwana harusi na wasimamizi, kama lile koti, huongeza mwanga mpaka nyuso zikapauka. Flashi iliyowekwa kwenye TTL, yaani hali ambayo kamera huipimia nguvu yenyewe, hufuata dhana hiyohiyo, kwa hiyo kwa shela iongezee kama stopu moja (mwanga maradufu), na kwa suti nyeusi ipunguzie kiasi kinachokaribia hicho. Mimi huitumia TTL pale tu umbali unapobadilika ovyo. Kwa keki, jukwaani na picha za familia, ambako watu wametulia, hubaki kwenye M, kwa sababu nikishapata kipimo sahihi hakibadiliki kwa sababu ya nguo ya mtu aliyepita.

Ngozi nyeusi haihitaji kumwagiwa mwanga mwingi ili ionekane vizuri. Uzuri wake katika picha hutokana na namna inavyoakisi, na taa kubwa ya ubavuni huipa mng'ao mpana ulio laini, wakati flashi ndogo ya mbele huitia madoa meupe kwenye paji la uso. Pima kwa kuutazama uso, wala usiache shela likuamulie, ila hakikisha nakshi za shela hazijapotea kabisa. Mara nyingi mmoja wa maharusi ni maji ya kunde na mwenzake ni mweusi zaidi. Msimamishe mweusi upande wa karibu na taa, na mwanga utasawazika wenyewe bila kumbadilisha mtu rangi kwenye kompyuta. Jambo hilo la mwisho linaniuma kila ninapoliona, kwa maana mtu ana haki ya kujitambua katika picha ya harusi yake. Ongea pia na mpambaji mapema, kwa sababu baadhi ya poda huakisi flashi ya mbele na kuufanya uso uonekane umepakwa unga, ingawa kwa macho ulikuwa sawasawa. Piga picha moja ya majaribio wakati angali na vifaa vyake mkononi.

Rangi za taa nazo zina utaratibu wake. Balbu za manjano za zamani zina kiasi cha Kelvin 2700 hadi 3000 (Kelvin ni kipimo cha rangi ya mwanga) na flashi ina takriban 5500, hivyo ukizichanganya, uso utakuwa mweupe na ukumbi wa rangi ya machungwa. Funika flashi kwa karatasi angavu ya plastiki yenye rangi ya machungwa, kisha weka mizani ya rangi ya kamera (white balance) kwenye alama ya balbu, na vyote vitakubaliana. Taa za buluu na zambarau zinazomulika jukwaa haziwezi kurekebishwa hivyo. Acha zibaki nyuma kama mapambo, na uso uoshe kwa flashi iliyokaribia. Taa nyingi za bei nafuu humetameta. Umeme wetu wa Tanzania na Kenya ni wa hezi 50, kwa hiyo taa hizo hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde, na kasi za shata za 1/50 au 1/100 huondoa ile michirizi ya giza inayojitokeza kwenye picha.

Kuingia kwa maharusi ukumbini ndiyo saa inayowashinda wengi, maana wanakuja wakicheza, wapambe wakiwa mbele, na taa zikibadilika kila sekunde. Flashi ikiwa juu ya kamera, rudi nyuma kwa mwendo wao huku ukihifadhi umbali wa kama mita tatu, na kipimo chako cha M kitaendelea kufaa hadi jukwaani. Kabla ya hapo, zungumza na mpiga video. Taa yake ikisimama kando badala ya kukaa mbele kabisa, itawafaa ninyi nyote wawili. Muulize mshereheshaji ratiba, na muulize padri au mchungaji kama anaruhusu flashi wakati wa viapo. Yako makanisa yasiyoruhusu, na huko utategemea madirisha, lenzi yenye apacha kubwa na ISO ya juu. Kwa usiku wa kupamba wa Mombasa, Lamu na Zanzibar, ambao kwa kawaida ni wa wanawake peke yao na mpiga picha wake ni mwanamke, bibi harusi huketi ametulia amevaa dhahabu. Taa moja pana iliyowekwa karibu, ubavuni, itaifanya dhahabu ing'ae bila vimulimuli vikali. Picha zile ni amana ya familia, na hata moja isiingie kwenye intaneti pasipo ruhusa yao.

Chukua betri za kuchaji za kutosha kubadilisha angalau mara mbili, na usiiendeshe flashi kwa nguvu kamili mfululizo, kwani hupata joto ikajizima wakati keki inakatwa. Ni afadhali upandishe ISO stopu moja na kuishusha flashi stopu moja. Piga faili za RAW, yaani faili ghafi ambazo kamera haijazichakata.

Maendeleo yangu makubwa yaliletwa na daftari. Baada ya kila harusi ninachagua picha ishirini zilizoharibika, ninaandika kando ya kila moja vipimo vyake, flashi ilitoka wapi na dari ilikuwa ya namna gani, halafu ninaandika ni mwanga upi kati ya ile miwili uliokosea. Baada ya harusi tano au sita utaona kosa lilelile likijirudia, na hilo ndilo la kufanyia zoezi sebuleni juma linalofuata, na ndugu yako yuleyule mbele ya ukuta uleule.