Mayai ya korongo yakianguliwa, kinamasi kibaki kimefungwa

Vikundi vingi hulinda kiota cha korongo taji kwa bidii mpaka mayai yaanguliwe, kisha wakafungua kinamasi siku hiyohiyo. Mundu zinaingia, ng'ombe wanafuata, na mbwa nyuma yao. Makinda huishia hapo. Ndege huyu yumo kwenye orodha ya dunia ya walio hatarini kutoweka tangu 2012, na jozi hutaga mayai mawili au matatu tu, nadra manne. Hakuna kinda wa ziada.

Mayai huatamiwa siku 28 hadi 31. Kinda huanza kutembea na wazazi mapema sana baada ya kuanguliwa, na hilo ndilo linalowadanganya watu. Kutembea si kuruka. Huruka akiwa na siku 56 akiwahi sana, na wengine hufika siku 100. Muda wote huo kinga yake ni majani marefu. Akihisi hatari hujilaza na kutulia tuli, kwa hiyo mundu humfikia kabla mkataji hajamwona, na mbwa humkamata bila taabu.

Basi hesabu hivi: siku 31 za kuatamia, ongeza 100, jumla 131, kuanzia siku jozi ilipoonekana imelala kiotani kwa mara ya kwanza. Ikionekana tarehe 1 Aprili, kinamasi kifunguliwe tarehe 10 Agosti. Mkiona makinda kabla ya siku 31 kuisha, hesabuni siku 100 tangu siku hiyo. Wanaosema "miezi miwili inatosha" wamemchukua kinda anayewahi kuliko wote wakamfanya kipimo cha wote. Acheni kabisa usemi huo.

Si lazima kufunga kila mahali. Mchana wazazi huwapeleka makinda kwenye majani mafupi kutafuta wadudu, hivyo ukingo wa nje unaweza kulishwa mifugo, bila mbwa. Lakini acheni angalau meta 100 za majani marefu kuzunguka kiota, yakiungana bila pengo mpaka kwenye ukingo huo, ili kinda akishtuka apate pa kurudi. Kinamasi kikiwa kidogo kuliko hapo, fungeni chote. Mifereji msiiguse wakati wa kuatamia: maji yakipanda mayai yanazama, yakishuka mbwa anafika kiotani kwa miguu mikavu.

Na acheni kwenda kuhesabu mayai! Kila anayeingia huacha njia kwenye majani, na mnyama mwindaji huifuata njia hiyohiyo. Tazameni mkiwa meta 200. Mzazi akianza kuburuta bawa kama aliyevunjika, mmeshakaribia mno, rudini mlikotokea. Kinda aliye peke yake asiokotwe, kwa kuwa wazazi wako karibu wanasubiri mwondoke.

Mpango mwingi huvunjikia kwenye malisho. Mwenye ng'ombe mwenye njaa hatasubiri siku 131 kwa sababu ya kibao. Matete ya kulisha mifugo yapandwe nje ya kinamasi msimu mmoja kabla, maana mkato wa kwanza huchukua miezi mitatu hadi minne. Kwenye kikao waitwe wakata majani na watoto wachungaji, si wenye mashamba peke yao, kwani wanaoingia majini ni hao wa kwanza. Tarehe ya kufungua iandikwe hapo mifugo inaponyweshwa.

Familia nzima ikianza kulala juu ya mti badala ya kinamasini, makinda wanaruka.

Mayai yakipotea mapema, jozi inaweza kutaga tena palepale au jirani. Msifungue kwa kudhani msimu umekwisha. Subirini kwanza muone kama wataatamia tena, na wakilala kiotani, siku ya kwanza inahesabiwa upya.