Ng'ombe wa kuuza Kenya: karatasi zianzie kijijini, si Namanga

Mfanyabiashara akikwama mpakani Namanga, kati ya Tanzania na Kenya, mara nyingi kosa lilifanyika siku kadhaa nyuma, mnadani, aliponunua ng'ombe bila kuuliza wametoka wapi.

Hapa Tanzania, Sheria ya Magonjwa ya Mifugo Na. 17 ya 2003 inataka mifugo isafiri kwa kibali. Basi muuzaji akuonyeshe barua ya mtendaji wa kijiji chake inayoonyesha ng'ombe wametoka wapi, kabla hamjaanza kutajiana bei. Ukishapewa kibali, kisome kabla Fuso haijawashwa: idadi, jinsia, rangi, chapa au namba za hereni, anakotoka, anakokwenda, namba ya gari. Kibali kikisema madume 20 na garini wakahesabiwa madume 19 na jike mmoja mwekundu, huna la kujitetea, hata kama jike ni wako halali. Hereni, zinazosimamiwa na Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo Na. 12 ya 2010, hupunguza ubishi huo, maana rangi ya ng'ombe kila mtu huiita anavyoiona.

Kwa soko la Kenya, mteja wako ndiye aanze. Aombe kibali cha kuingiza mifugo kwenye Kurugenzi ya Huduma za Mifugo ya kwao, akutumie nakala. Masharti yake ndiyo yatakayomwongoza daktari wa mifugo wa serikali huku kwetu: chanjo gani, vipimo gani, karantini au la, ndipo asaini cheti cha afya. Wengi huchanja kwanza na kuuliza baadaye, kisha wanalipia mara mbili.

Uliza pia kama wilaya unayonunulia au unayopita imefungwa kwa ugonjwa. Homa ya bonde la ufa haina mjadala: mwaka 2000 iliifanya Saudi Arabia ifunge milango kwa mifugo ya Pembe ya Afrika.

Njia za panya achana nazo. Oktoba 2017 vifaranga 6,400 walioingizwa kutoka Kenya waliteketezwa kwa moto Namanga. Kelele zilikuwa nyingi, na kwa haki kabisa, lakini mali ilikuwa imeshateketea.

Kuhusu upakiaji, ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya 2008. Mwaga mchanga sakafuni wasiteleze, tenga fahali wenye pembe mbali na ndama. Mwenye mimba kubwa au anayechechemea asipande gari. Muuze hapo hapo mnadani.